Shuka za Wageni

Jumatatu, 9 Machi

Tumemzika Mkurugenzi mstaafu wa hospitali leo, na mvua ya kwanza ya masika imetunyeshea pale pale makaburini, wasemaji wakiwa wamefika wa saba kati ya kumi na wanne. Mungu fundi. Wa kwanza alisema marehemu alikuwa baba, wa pili akasema nguzo, wa tatu taa, wa nne daraja, wa tano mwamvuli, wa sita ngao. Wa saba alipofungua mdomo atuambie ni chombo gani kingine, mawingu yakapasuka na watu wakatimka. Kama kulikuwa na wakati wa kuuhitaji ule mwamvuli ni ule, nao tulikuwa tumeshaufukia.

Sisi tuliofanya kazi chini yake miaka thelathini na moja tulimwita Kengele. Kila asubuhi kabla hajaingia wodini alitanguliwa na mhudumu akipiga kengele ya mkono. Ukiisikia, wewe mgonjwa unyooke, mikono juu ya shuka, uso uelekee mlangoni. Hata anayekata roho aliombwa asubiri kidogo.

Mimi nilikuwa dobi wa hospitali. Shule niliiacha darasa la nne, na mwandiko wangu niliunolea kazini, kwa kuandika alama za wodi kwenye pindo za shuka. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa na hazifutiki. Nimenunua daftari hili kwa sababu wiki hii nzima nimesikia sifa, na sifa zikizidi tumboni lazima zitoke mahali.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Binti yangu amerudi kazini amelowa kama tambara la deki. Shuka hazikukauka.

Jumapili, 15 Machi

Amekuja Karani. Huyu alikaa mlangoni mwa ofisi ya Kengele miaka ishirini na sita, na sisi tulimwita Naam, maana alikuwa anaitika kabla hajaitwa. Sasa bosi amekufa na yeye bado anaitika. Amepewa ukatibu wa Kamati ya Kumbukumbu na shingo imemrefuka.

"Mzee mwenzangu," akaanza, "pole."

"Pole ya nini? Mimi sijafa."

"Msiba ni wetu sote."

"Basi chukua na fungu langu. Nakupa."

Akatoa picha kwenye bahasha kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mwiba. Naijua ile picha. Kengele amesimama kwenye uwanja wetu wa kuanikia, koti jeupe, kidevu juu, nyuma yake safu kwa safu za shuka nyeupe zimejaa upepo. Imetundikwa mapokezini miaka yote, imechapwa mpaka kwenye kalenda. Kamati imekata shauri kwamba sanamu ya marehemu isimame pale pale alipopigwa picha. Izungukwe na bustani ya maua, ukuta mfupi na geti. Kwenye jiwe paandikwe: ALIKESHA ILI MGONJWA ALALE PASAFI.

"Sanamu ya mwili mzima?" nikauliza.

"Kichwa na mabega."

"Na tumbo mnaliacha wapi? Ndilo lilikuwa linatangulia."

Naam akairudisha picha kwenye bahasha. Binti yangu alikuwa anamenya viazi pembeni. Yeye ndiye dobi mkuu sasa, kazi ameirithi kwangu kama watu wanavyorithi kikohozi. Akaweka kisu chini.

"Mzee Karani, shikamoo. Kamba zangu za kuanikia zitakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kamba zinahamishika. Historia haihamishiki."

"Zihamie wapi?"

"Hilo ni suala la kitaalamu."

Maana yake hajui. Na mimi ninajua kwamba hakuna mahali. Hospitali ina wodi tisa na uwanja mmoja wenye jua. Kwingine kote ni kuta, na shuka ukiianika kivulini msimu huu inaota ukungu kabla ya kukauka. Ile mashine ya kukaushia tuliyoletewa na wafadhili ilifanya kazi miezi mitano ikafa. Kengele aliikatia utepe mara mbili, ilipofika na ilipopakwa rangi upya.

Kwa hiyo ili watu wakumbuke kwamba mgonjwa alilala pasafi, mgonjwa anyang'anywe pa kukaushia shuka. Nimekaa na jambo hili mpaka viazi vimeiva, na bado halijaiva.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Hazikukauka.

Alhamisi, 19 Machi

Nilikwenda kunyoa. Kinyozi ananiambia Kengele alikuwa kiongozi wa watu. Ni kweli. Aliongoza kamati ya shule, kamati ya maji, chama cha kuzikana na timu ya mpira, na timu haikufunga hata goli moja msimu mzima, lakini mwenyekiti alipata kiti chenye mto.

Nisiwe mchawi. Alikuta wodi mbili akaacha tisa. Maji ya bomba yalifika mtaani kwetu kwa sababu alikwenda kuketi kwenye benchi ya ofisi ya maji siku nne mfululizo, yeye na mpiga picha wake. Alijenga, na mimi mwenyewe nimekunywa yale maji. Lakini fundi akijenga nyumba halafu akasimama mlangoni miaka thelathini na moja akingoja usifie, mwishoni unaanza kuitamani mvua ya nje.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimecheka mpaka jino limeniuma.

Nimesimuliwa jioni na binti yangu. Walikuja wapimaji uwanjani, wakang'oa kamba zake tatu, wakapigilia vigingi na kuvizungushia kamba yao nyekundu. Yeye na wenzake wa kufua wakawatazama tu, mikono kiunoni. Wapimaji walipokwenda kunywa chai, binti akachukua foronya arobaini mbichi na kuzianika zote kwenye ile kamba nyekundu.

Naam akafika anakimbia na mwamvuli. "Wewe! Hiyo ni kamba ya kupimia!"

"Ndiyo, Mzee. Na mimi napima. Napima kama inaanika."

Wauguzi madirishani wakaangua kicheko. Foronya zikavuta, tope likalegea, vigingi vikalala. Walipovisimamisha tena hakuna aliyejua vilikuwa wapi mwanzo, na kwa vipimo vya sasa Kengele atautazama mlango wa choo cha wanaume. Kamati bado haijaligundua hilo. Mimi siwaambii.

Jumamosi, 28 Machi

Kicheko kimelipwa. Binti amepewa barua na Mkurugenzi mpya. Huyu ni bwana wa miaka arobaini na kitu, viatu vyake vina ncha, na anaiogopa Kamati kuliko kipindupindu. Barua inasema uwanja ukabidhiwe kabla ya mwisho wa Aprili, na dobi mkuu "atoe ushirikiano". Asipoutoa atahamishiwa jikoni.

Akaikunja mara nne. "Nitakwenda kuosha masufuria."

"Si afadhali?" nikamwambia. "Sufuria hukauka ndani."

Hakucheka. Mimi hupenda mtu ambaye hacheki utani wangu mbaya, lakini leo sikupenda.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Zilizokauka, sita.

Jumamosi, 4 Aprili

Naam ametuma ujumbe kwamba tarehe kumi na nane kutakuwa na mkutano wa kupitisha sanamu, na mimi nimepangwa kuzungumza juu ya "usafi enzi za marehemu". Hajaniuliza. Naam haulizi, amezoea kuitika.

Basi nikumbuke ule usafi, maana waliojua tumebaki wachache na baadhi yetu tumeanza kusahau kwa makusudi.

Stoo kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli. Ndani yake zilikaa shuka sitini, nzito, nyeupe kama meno ya mtoto. Tuliziita shuka za wageni. Akija waziri, mfadhili au mwandishi wa gazeti, kengele ililia mara tatu, na sisi mbio na vikapu. Mgonjwa ananyanyuliwa, shuka mbovu inatoka, ya wageni inatandikwa, mgonjwa anarudishwa anashangaa. Wageni wanapita, wanatikisa vichwa, wanaandika. Wakiondoka, vumbi la magari halijatua, sisi tena na vikapu. Mgonjwa anarudi kwenye shuka yenye matundu, au kwenye mpira mtupu wa godoro, ule unaonata mgongoni. Kuna mzee mmoja aliyevunjika mguu aliwahi kunishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wageni wengine wanakuja lini?"

Na zile shuka kwenye picha ni hizo hizo. Hakuna mgonjwa aliyezilalia zaidi ya saa tatu. Tulizitoa kabatini zikiwa safi, tukazianika zikiwa kavu, Kengele akapigwa picha, tukazirudisha. Hiyo ndiyo historia isiyohamishika.

Miaka thelathini na moja. Mtu wa namna gani anabuni kitu kama kile?

Jumanne, 7 Aprili

Amekuja mjane wa Kengele, kwa miguu, tope limempanda hadi kwenye vifundo. Nilifuta kiti kwa mkono wa shati. Nilidhani amekuja kukusanya sifa, kama wanavyokusanya sahani baada ya shughuli.

"Mzee Dobi, naambiwa utazungumza tarehe kumi na nane."

"Nami naambiwa hivyo hivyo, Mama."

"Nina swali, na usinipe jibu la msibani." Akafunga mwamvuli wake taratibu. "Katika miaka yote ile, uliwahi kumwona akitenda wema wakati hakuna mtu anayemtazama?"

Nikafungua mdomo. Mimi huwa sikosi neno. Nikatafuta kama mtu anayepapasa mifuko ya suruali ya zamani, huku hamna, huku kuna tundu.

"Mimi nilikuwa namtazama," nikasema mwishowe.

"Wewe ni dobi. Dobi hakuhesabiwa mtu." Hakusema kwa dharau, alisema kama anayetaja bei ya chumvi. "Nimekaa naye miaka thelathini na minane. Hata nyumbani alikuwa anangoja wageni. Akija mtu alinishika bega. Akiondoka mtu, aliondoa mkono."

Akanywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Huyu mwanamke nimemcheka miaka mingi kwa sababu ya miwani yake ya jua. Ninaufuta ule utani.

Lakini swali lake ameliacha limekaa kwenye kiti, na sasa linanitazama mimi.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Hazikukauka. Sijisikii kuandika.

Jumatano, 15 Aprili

Binti amerudi jioni, akakaa kizingitini na viatu vyake vya mpira, hakuvivua.

"Wodi ya wazazi," akasema, "vitanda ishirini na viwili. Shuka kavu nilizonazo ni tisa."

"Na mbichi?"

"Mbichi sitoi. Kichanga atashikwa kifua. Wametandikwa tisa, kumi na watatu wamelala kwenye mpira mtupu, na watoto vifuani. Kuna msichana amejifungua leo, mtoto wake wa kwanza. Ameniuliza, 'Dada, sisi tumekosa nini?' Kwa hizi kamba chache walizoniachia, Baba. Wakizing'oa zote itakuwaje? Na mimi nikiwa jikoni, nani atakataa kutoa shuka mbichi?"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikauacha, nikachukua daftari.

Sasa naandika lile ambalo tarehe nne nililipiga chenga. Niliuliza mtu wa namna gani anabuni kitu kama kile. Ni mimi.

Kengele alikuwa mgeni hospitalini, mwezi wa tatu au wa nne tangu aje, na wafadhili wa kwanza walikuwa njiani. Shuka za wodini zilikuwa aibu. Stoo zilikuwepo sitini mpya. Akatuita, akasema zitandikwe zote. Zitandikwe! Hilo ndilo lilikuwa neno lake, nalikumbuka, zitandikwe na zibaki. Mimi nilikuwa kijana mwepesi, nataka kuonekana. Nikasema, "Bwana mkubwa, zikibaki zitachakaa mwezi mmoja, na wageni wengine watakuja. Tuzitandike wakija, wakiondoka tuzitoe. Zitadumu miaka." Akanitazama. Nikaona jambo linazaliwa usoni mwake. Wiki iliyofuata nikawa dobi mkuu, na ufunguo wa kabati nikauvaa shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na zile nguo nilizifua mimi.

Sasa lililobaki.

Mwaka wa nne mke wangu alijifungua binti wa pili, wodi ya wazazi, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Mtoto alizaliwa alfajiri. Asubuhi ile walikuja wageni. Nilimtandikia mke wangu shuka nyeupe mimi mwenyewe, na nikaona fahari. Saa saba mchana wageni wakaondoka na mimi nikapita na kikapu, kitanda kwa kitanda. Nilipofika cha tatu, wenzangu wote walikuwa wananitazama, na wale wanawake wengine walikuwa wameshalala kwenye mpira. Nikamwambia, "Inuka kidogo."

Akainua kiuno, mtoto mkononi, saa saba tangu ajifungue. Nikaivuta.

Hakulia wala hakunilaumu. Aliniambia tu, "Ina damu. Iloweke maji baridi, ya moto yatagandisha."

Nikailoweka maji baridi. Doa lilitoka lote. Nakumbuka nilijisifu kwamba limetoka lote.

Mke wangu ana miaka sita kaburini na hakuitaja siku ile hata mara moja. Heri angenitukana. Na yule mtoto ndiye aliyekaa kizingitini jioni hii, na viatu vya mpira, akiniuliza nani atakataa.

Jumamosi, 18 Aprili

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, mabenchi yamejaa, mvua inapiga bati mpaka kila msemaji anasema kama anagombana. Picha ya Kengele ilikuwa kwenye kiti peke yake, mbele, na watu wazima wamesimama kwa kukosa pa kukaa. Mkurugenzi mpya mezani, Naam na makaratasi yake, mjane mstari wa kwanza. Binti yangu na wenzake watatu wa kufua walikuwa nyuma kabisa. Wameahidiwa dakika moja, kwenye mengineyo.

Naam akanikaribisha: "Shahidi wa usafi!"

Nikasimama. Maji ukishayavulia nguo utayaoga, nami nimeyavulia za watu maisha yangu yote.

Nikasema kila kitu. Kabati, kufuli, kengele tatu. Nikasema shuka za kwenye picha hakuna mgonjwa aliyezimiliki, na kwamba pale mnapotaka kuweka jiwe la kusifu usafi ndipo wagonjwa wanapopatia shuka kavu, na wodi ya wazazi wiki hii wanalalia mpira. Nikasema wazo lile halikuwa la marehemu, lilikuwa langu. Kisha nikasema la mke wangu. "Nilimwambia ainue kiuno, na mtoto wa saa saba mkononi, nikaivuta."

Vichwa vikainama. Mvua tu.

Nikadhani wameelewa. Mjinga mimi! Naam akaruka kama aliyechomwa sindano. "Mmesikia, ndugu zangu? Nidhamu! Hata mke wake hakumpendelea! Shuka sitini, miaka thelathini na moja, haikupotea hata moja! Hiyo ndiyo hospitali aliyotujengea marehemu!"

Na wakapiga makofi. Naapa. Kinyozi alipiga makofi. Mzee mmoja mbele alifuta machozi. Nimewadharau watu hawa maisha yangu yote na bado sikuwa nimefika chini.

Makofi yalipokwisha, sauti ikatoka nyuma. Haikupanda.

"Baba. Mtoto yupi?"

Nikageuka. Watoto wangu ni wanne.

"Baba, nimekuuliza. Mtoto yupi?"

"Ni wewe."

Alinitazama kama anavyotazama doa, anapopima kama litatoka. Kisha akanipita kwa macho, akamfikia Mkurugenzi mpya.

"Bosi, ile dakika yangu nitaitumia hivi. Wodi ya wazazi ni hatua sitini kutoka hapa. Nendeni mkaangalie vitanda. Hakuna wageni leo."

Akatoka, na wenzake nyuma yake.

Mkurugenzi mpya akaanza kusema kwamba jambo hili litaundiwa kamati ndogo. Mjane akasimama, akafungua mwamvuli wake humo humo ndani, akaelekea mlangoni. Hakumwita mtu. Sasa nani atabaki ameketi wakati mjane wa marehemu amesimama? Mmoja akafuata, kisha watano, kisha ukumbi mzima, viatu vyenye ncha vikizama kwenye tope pamoja na vyetu. Mimi sikwenda. Ile wodi naijua. Nilibaki na picha, tukatazamana, yeye amekaa kitini, mimi nimesimama.

Walirudi baada ya robo saa. Kinyozi alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama umemkosea.

Mjane hakuketi. "Mume wangu hatakaa juu ya kamba za shuka," akasema. "Mwekeni mapokezini, alikokuwa anasimama. Kule uwanjani alifika siku moja tu, kupigwa picha, akauliza njia ya kutokea."

Naam alifungua mdomo kuitika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haikutoka sauti.

Jumapili, 19 Aprili

Chai imewekwa mezani. Sikuambiwa karibu.

Jumanne, 21 Aprili

Chai imewekwa. Nilisema ahsante. Kijiko kilinijibu kwenye kikombe chake.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimesikia kwa jirani, si kwa binti yangu, kwamba vigingi vimeng'olewa, kamba zimerudishwa zote, na barua ya jikoni imefutwa. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe napata habari za nyumba yangu kupitia dirishani.

Mvua nyembamba.

Jumamosi, 25 Aprili

Naam amekuja, bila suti.

"Umemuua mara ya pili," akaniambia.

"Mara ya kwanza aliuliwa na sukari. Usinisingizie."

Nilitegemea atafoka. Akakaa tu, mikono katikati ya magoti, mdogo kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto.

"Nilikuwa naandika zile taarifa," akasema. "Kila mwaka. 'Shuka zote ni mpya.' Nikikubali kwamba alikuwa vile ulivyosema, mzee mwenzangu, mimi nilikuwa nani miaka ishirini na sita?"

"Ulikuwa karani," nikamwambia. "Na mimi dobi. Na wote tulikuwa na mishipa ya shingo ya kugeuzia kichwa."

Akaitika. Naam, akasema, kwa sauti ndogo. Nikampa chai. Sukari sikumtilia, ateseke kidogo, lakini kikombe nilimpa kizuri.

Jumanne, 28 Aprili

Binti amezungumza. Amesema, "Sogea." Nilikuwa nimesimama mbele ya ndoo.

Jumamosi, 2 Mei

Jua. Jua la haki, limetoka asubuhi na halikutafuta udhuru.

Nikavaa kofia nikaenda uwanjani. Miaka kumi na moja tangu nistaafu sikuwahi kukanyaga pale. Kamba zote zimerudi, zimekazwa kuliko nilivyokuwa nazikaza mimi, nakiri. Binti yangu alikuwa peke yake na mlima wa shuka zinazochuruzika. Kukamua shuka ya kitanda kunataka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, huyu azungushe kulia na yule kushoto mpaka iwe kama kamba ya kuvutia ng'ombe. Mtu mmoja hawezi, anajilowesha tu.

Aliniona. Akainama, akaokota ncha moja, akanitupia nyingine kifuani. Ilinilowesha mpaka fulana.

"Shika huko."

Nikashika. Akazungusha, nikazungusha. Maji yakatoka, kwanza mengi, kisha matone. Ana nguvu, huyu mtoto. Mara mbili alikaribia kuning'oa mabega, na sidhani ilikuwa bahati mbaya. Tukaanika, tukachukua nyingine. Kwenye ya nne au ya tano mdomo wangu, ambao haujawahi kujua wakati wake, ukafunguka.

"Mwanangu, siku ile..."

"Baba, kamua."

"Nilitaka kusema tu kwamba mama yako..."

"Sijakusamehe," akasema, na hakuacha kuzungusha. "Mwenzangu ana homa. Nahitaji mikono."

Nikakamua.

Tulifika shuka sitini na nne. Viganja vyangu vimechubuka na nashika kalamu kama kijiko. Saa kumi zote zilikuwa kavu, akazikunja, akazipeleka wodi ya wazazi yeye mwenyewe, na aliporudi alinikuta bado nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa nilishindwa kuinuka. Akanivuta kwa kwapa.

"Kesho saa moja," akasema, akitazama kwingine. "Na huo mdomo uuache nyumbani."

Ndio nauacha humu daftarini.